Sketi ya tartani ya mtumba iwe kilti ya mwanaume: kitambaa kitatosha?

Mshoni_Shangani

Habari za kazi mafundi. Nipo Mtwara mjini. Nimeletewa sketi ya tartani (kitambaa cha Kiskoti cha mistari inayokatana) iliyotoka kwenye robota la sketi nzito, na mteja ni mwanaume. Anataka kilti (vazi la marinda la wanaume wa Uskoti) ya kuvaa harusini, kilti kweli, isiwe vazi la kuigizia. Sitaki kushika mkasi kabla sijawasikia.

Sketi ni ya kuzungusha. Mbele imelala bapa, nyuma ina marinda, na inafungwa ubavu wa kushoto kwa mikanda miwili ya ngozi ambayo imekauka na kukatika. Rangi ni nyekundu yenye mistari ya kijani na buluu, pamoja na mstari mmoja mwembamba mweupe. Mchoro mzima unajirudia kila sm 12. Kiuno cha sketi ni sm 74. Urefu ni sm 66 ukihesabu na mkanda wa kiuno wa sm 3, na upindo wa chini ni sm 4. Nimepitisha tepu chini kwenye pindo nikifuata kila rinda ndani na nje, nimepata mita 3.9.

Mteja: kiuno sm 86, nyonga sm 100 (nimepima kwa nafasi, sikubana), kitovuni hadi katikati ya goti sm 60.

Maswali yangu: kiuno kimepungua sm 12, je, niongeze kipande ubavuni? Kufunga kushoto kuna tatizo gani? Na haya marinda niyaache yalivyo au niyafumue? Nina cherehani ya kukanyaga na pasi ya mkaa. Ovaloki naazima kwa jirani.

MamaBitana_Lindi

Mwanangu, usiongeze kipande chochote. Una mita 3.9 za kitambaa, na kiuno cha sm 86 kimo humo humo. Sketi ni ndogo kwa sababu kitambaa kimelala ndani ya marinda. Kwa hiyo fumua yote: mkanda wa kiuno, marinda, bitana kama ipo, upindo wa chini. Kitambaa kirudi kuwa shuka moja bapa juu ya meza. Kufumua nusu nusu ndiko kunakoharibu kazi hii, maana rinda moja likitanuka kiunoni bila jirani zake, mchoro unapinda na jicho linaona hapo hapo.

Kuhusu upande: kilti ya mwanaume ina aproni mbili, vipande bapa vya mbele vinavyolaliana; aproni ya juu inatoka kushoto kwenda kulia, na ukingo wake wenye matamvua unakaa ubavu wa kulia wa mvaaji. Sketi za kike za namna hii nyingi hufunga kinyume. Ukishafumua, hilo si tatizo tena. Kitambaa cha kilti husukwa kwa mshazari, nyuzi mbili juu mbili chini, na hakina nje wala ndani. Ukikigeuza, kinachobadilika ni ule mshazari tu kuelekea upande wa pili. Weka shuka uso chini, matamvua yaliyokuwa kushoto yatakuja kulia na pindo litabaki chini. Mara nyingi upande uliokuwa ndani rangi yake ni mbichi zaidi, hujapigwa na jua. Kagua tu kama mchoro ni pacha, yaani ukisoma mistari kutoka kushoto au kutoka kulia unapata mpangilio ule ule. Tartani nyingi ni pacha. Chache si pacha, Buchanan ni mfano, na hizo ukizigeuza mpangilio unasomeka kinyume.

Sasa hesabu, na hapa nenda polepole.

Kilti ina sehemu tatu: aproni ya chini, marinda, aproni ya juu. Aproni mbili zinalaliana mbele, marinda yanazunguka nyuma. Kiuno cha mteja ni 86, gawa nusu kwa nusu: aproni 43, marinda 43. Nyonga ni 100, wape marinda kidogo zaidi: aproni 48, marinda 52. Chini kwenye pindo aproni ipanuke hadi 54 ili mtu atembee bila kubanwa.

Kitambaa kitakacholiwa mbele: aproni mbili za sm 54 ni 108. Kila aproni inapokutana na marinda panatakiwa rinda la kina, mkunjo wa sm 8, yaani sm 16 za kitambaa. Mara mbili ni 32. Kingo mbili za mwisho, sm 4 kila mmoja, ni 8. Jumla 148. Toa kwenye 390, unabaki na 242 za marinda.

Mchoro wako ni sm 12. Ukipanga mstari mweupe uje katikati ya kila rinda, kila rinda linakula mchoro mmoja kamili, sm 12. Marinda 20 yanakula 240. Umebakiwa na sm 2. Kitambaa kinatosha, ila hakuna cha kuchezea.

Uso wa kila rinda, sehemu inayoonekana, nyongani ni 52 kwa 20, yaani sm 2.6. Kiunoni ni 43 kwa 20, sm 2.15. Kwa hiyo kila rinda linabanwa milimita 4.5 tu kutoka nyonga kwenda kiuno. Milimita hizo ndizo zinazotengeneza umbo. Ukikosea milimita 1 kila rinda, kwa marinda 20 umekosea sm 2, na mteja atakuja kukwambia kiuno kinashuka.

Mshoni_Shangani

Shikamoo mama, na asante. Sikuwa nimefikiria kitambaa kwa namna hiyo. Nina shaka mbili. Picha nyingi za kilti ninazoziona, ukiitazama nyuma, mchoro unaendelea kama vile hakuna marinda kabisa. Wewe unasema mstari mweupe kwenye kila rinda. Je, haitaonekana kama kosa? Na urefu: sm 66 za sketi, sm 60 za mteja, nikate wapi?

FundiSuti_Masasi

Fundi, zote mbili ni kilti halali. Kupanga kwa mchoro, ambako nyuma inafanana na mbele, ndiko kwa kiraia. Kupanga kwa mstari, mstari mmoja unaojirudia kila rinda, ndiko kwa vikosi vya jeshi vya Uskoti, na mtu akitembea utauona mstari ukifunguka na rangi za ndani zikitokea. Kupanga kwa mchoro ni kuzuri, lakini angalia gharama yake kwenye kitambaa. Ili mchoro uendelee, kila rinda lazima lianze pale uso wa jirani yake ulipoishia. Maana yake rinda halili sm 12. Linakula 12 pamoja na upana wa uso wake. Kwa sm 242 zako utapata marinda 15, kila uso sm 3.47, kila rinda linakula sm 15.47, jumla 232. Marinda 15 mapana kwenye nyonga ya mwanaume wa sm 100 hayana uzito wa kuning'inia vizuri. Kilti kamili ya yadi 8, mita 7.3 hivi, inamudu hilo. Mita 3.9 haimudu. Nakubaliana na Mama: panga kwa mstari.

Nyongeza moja kwenye hilo. Sketi ya mtumba ina makovu kwenye ncha za marinda ya zamani: pamechakaa, panang'aa, pengine rangi imepauka. Kabla hujaamua mstari upi ukae katikati, tandaza shuka juani uone makovu yameangukia rangi gani. Kama ncha za zamani ziko kwenye mstari mweupe wenyewe, chagua mstari mwingine ulio kati ya makovu, ili kovu liingie kwenye tumbo la rinda, yaani mkunjo wa ndani usioonekana.

Kuhusu urefu: kilti ya mwanaume inafungwa kitovuni, si nyongani kama suruali, na juu ya mstari wa kufungia inapanda sm 5 zaidi. Kwa hiyo urefu kamili ni 60 na 5, sm 65. Mwambie mteja hilo mapema na mpime akiwa amesimama wima. Akiishusha nyongani kama alivyozoea, itamfika kwenye muundi na itaonekana sketi tena.

Usikate chini. Kilti haina upindo. Ukingo wa kiwandani wa kitambaa, ule usiofumuka, ndio unaokuwa pindo la chini. Fungua ule upindo wa sm 4 uone kama ndani kuna ukingo wa kiwandani. Kama upo, una bahati. Ushushe wote: sm 63 za uso wa sketi, 1 iliyojificha ndani ya mkanda wa kiuno, 4 za upindo, jumla 68. Kata sm 3 juu, upate 65. Kama haupo, acha upindo wa sm 2 mkunjo mmoja, ukingo upige ovaloki, na juu kata 1 tu.

Sababu ya kuukimbia upindo mnene ni hii: marinda 20 yanapanga sm 240 za kitambaa ndani ya sm 52. Kila mahali nyuma pana tabaka nne hadi tano. Ukiweka upindo zinakuwa tisa. Pasi haipenyi tabaka tisa za sufu, na pindo litavimba nyuma kama mkia wa kanga.

KitambaaKwanza

Kabla ya yote hayo, mmehakikisha ni sufu? Sketi za tartani kwenye mitumba ziko za sufu, za akriliki, za poliesta na za kuchanganya, na kwa macho zinadanganya. Chomoa nyuzi tatu nne kutoka ndani ya mshono, za wima na za mlalo, zichome kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazima wenyewe ukiuondoa, na jivu linasagika vidoleni. Poliesta na akriliki zinayeyuka na kuacha shanga ngumu. Zikinuka kama karatasi ni pamba au viskosi. Mchanganyiko unatoa vyote viwili: harufu ya nywele, na kishanga kidogo.

Kwa nini ni muhimu: sufu inashika mkunjo kwa mvuke na inanyonya jasho. Akriliki ukiipiga pasi ya moto inalegea na kung'aa, na alama hiyo haitoki. Na mtu akikaa ukumbini Mtwara na poliesta nene imezunguka nyonga, itamnata.

Uzito nao uujue. Ipeleke kwenye mizani ya duka. Kwa mita 3.9 na urefu huo, sketi ikisoma gramu 700 hivi, ni kitambaa cha uzito wa kati, kinafaa kabisa kwa hapa kwetu. Ikisoma 900 ni kile kizito cha baridi: kitaning'inia kwa heshima, ila mvaaji atalipa kwa jasho. Chini ya 550 ni chepesi; marinda yatapeperuka na upepo wa bahari, na hapo usipunguze rinda hata moja.

Kufua: usiitumbukize kwenye ndoo kwanza. Kata ile sm 3 ya juu, chukua kipande chenye urefu wa sm 30, kipime, kiloweke dakika 10 kwenye maji baridi na sabuni laini ya maji, kikaushe kivulini, kipime tena. Kikirudi sm 29, fanya hesabu: shuka lako la 390 litapoteza sm 13. Hilo ni rinda zima na zaidi. Sufu ikirudi kiasi hicho, shuka lisiloweshwe. Lisafishwe kwa kitambaa chenye unyevu na mvuke tu. Kama kipande hakikurudi, fua shuka kwa maji yale yale ya baridi, usisugue, usikamue kwa kusokota. Livingirishe kwenye taulo na ulitandaze kivulini. Na kwa kuwa ni nyekundu, bana kwanza kitambaa cheupe chenye maji kwenye kona ya ndani dakika tano. Kikitoka na rangi, usifue.

Mshoni_Shangani

Nimechoma: harufu ya nywele tupu, jivu linasagika. Mizani ya dukani imesoma gramu 710. Ndani ya upindo kuna ukingo wa kiwandani! Kipande cha sm 30 kimerudi 29.8, kwa hiyo nimefua na limekauka salama. Upande wa ndani kweli una rangi mbichi, nimeugeuza uwe nje.

Lakini mkunjo wa upindo wa zamani umeacha mstari unaoonekana sm 4 kutoka chini. Na naomba maelekezo ya kushona marinda yenyewe, mkono au cherehani?

MamaBitana_Lindi

Mstari wa upindo: changanya siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu tisa, jaribu kwanza kwenye kona. Lowesha kitambaa cha pamba kilichochujuka rangi, kamua, weka juu ya mstari, kandamiza pasi na uinue, usiburuze. Rudia mara tatu nne. Mkunjo utaondoka. Kama ni rangi iliyopauka, hiyo haitoki kwa siki; itabaki kama kivuli, na kwenye marinda haitaonekana sana. Pasi ya mkaa imwage majivu kwanza na uipungie mbali na kazi. Cheche moja kwenye aproni ya juu imemaliza kila kitu.

Marinda. Usitumie chaki ya kawaida kuweka alama, mstari wa chaki una unene wa milimita moja au mbili na tumeshasema milimita moja ni sm 2 mwisho wa safari. Hesabu nyuzi. Weka rula juu ya kitambaa, hesabu nyuzi ngapi ziko ndani ya mm 26, andika, kisha hesabu zilizo ndani ya mm 21.5. Tangu hapo pima kwa nyuzi, nusu huku nusu huku ya mstari mweupe. Tartani yenyewe ni rula, itumie.

Mshono unaanzia juu unashuka hadi nyongani. Kwa mteja wako ni sm 5 za juu ya kiuno na sm 20 za chini yake, jumla 25. Sm 20 ni theluthi ya zile 60, na kwa watu wengi nyonga inaangukia hapo hapo, lakini mpime. Kutoka kiunoni hadi nyongani mshono unapanuka kutoka 21.5 hadi 26, kwa mstari ulionyooka, usiupinde. Zile sm 5 za juu shona wima tu.

Kwa mkono ni mishono mitatu hadi minne kwa kila sentimita, uzi wa poliesta wa rangi ya mstari ulipo, sindano nyembamba, unashona ukiwa uso wa nje na kudaka ncha ya rinda tu. Marinda 20 kwa sm 25 ni mita 5 za mshono wa mkono. Ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo kilti inapotofautiana na sketi ya shule. Kwa cherehani inawezekana: kunja uso kwa uso, shona upande wa ndani, mshono wa mm 3, na ukifika nyongani rudisha nyuma mishono mitatu ufunge. Tatizo la cherehani ni kwamba meno ya chini yanavuta tabaka la chini kuliko la juu na mistari ya mlalo inakosana. Ukitumia cherehani, piga bandi (mishono mipana ya muda) kila rinda kwanza na legeza mguu wa kukandamiza.

Mistari ya mlalo ikutane rinda kwa rinda kutoka ya kwanza hadi ya ishirini. Ikikosana kwa uzi mmoja, fumua hapo hapo. Usiseme pasi itaficha.

Aproni ya juu: tafuta mstari mkuu uwe katikati kabisa, kisha tofauti ya 54 chini na 43 kiunoni igawe nusu kwa nusu, sm 5.5 kila upande. Kushoto inaingia ndani ya rinda la kina. Kulia unakunja ukingo kwa ndani, na hapo matamvua ya zamani yatamezwa na mkunjo. Kwa hiyo yatoe kama ukanda wa sm 4 kwa urefu wote, ukunje ukingo, kisha ushone ukanda chini ya mkunjo mpya ili matamvua yachomoze sm 1.5 hadi 2. Kabla ya kuchomoa nyuzi zaidi piga mshono mmoja wa cherehani pale matamvua yanapotakiwa kuishia, la sivyo yataendelea kufumuka kila siku.

FundiSuti_Masasi

Msisahau kinachobeba uzito. Nusu kilo ya marinda inaning'inia kwenye mishono ya sm 25, na mvaaji akikaa inavutwa zaidi. Ndani, nyongani pale mishono inapoishia, pitisha utepe wa pamba wa sm 3 unaokata marinda yote kwa mlalo, ushikize kila rinda kwa mishono miwili ya tumbo tu, isitoke nje. Ncha zake zifunge kwenye marinda ya kina ya pande zote mbili. Bila utepe huo, baada ya kukaa mara kumi nyonga inakuwa 104. Juu yake, kutoka kiunoni kushuka sm 20, weka kile kitambaa kigumu cha kukazia kola, kisicho cha gundi. Cha gundi kinakakamaa na kubabuka kwa jasho.

Bitana: marekani nyepesi iliyofuliwa na kupigwa pasi kwanza, au pamba yoyote isiyochuja. Iishie nyongani, chini uiache huru. Usiweke bitana ya nailoni inayoteleza, inahifadhi joto.

Mkanda wa kiuno wa zamani hautatosha. Kiuno cha 74 chenye aproni kulaliana kilihitaji 111. Sasa unahitaji 43 mara tatu, 129. Unganisha sm 18 za pamba nyeusi, na kiungo kikae kwenye aproni ya chini ambako hakionekani. Uushone ukifunika ukingo wa juu, usiongeze urefu.

Kuna mafundi wanaokata nyama ya ndani ya marinda kiunoni kupunguza unene. Kwa kitambaa cha gramu 710 usikate, haina haja, na mteja akinenepa hutakuwa na pa kurudi.

NgoziNaMsharasi

Ngozi niachieni mimi. Inatakiwa mikanda mitatu na bizimu tatu, upana sm 2.5. Mkanda wa suruali wa mtumba wa ngozi halisi unatoa yote mitatu. Ukunje: ngozi halisi inaonyesha makunyanzi madogo, ya bandia inapasuka ngozi ya juu na kuonyesha kitambaa cheupe.

Mahali pake: kulia, kwenye ukingo wa aproni ya juu, mikanda miwili, mmoja kiunoni (sm 5 kutoka juu) na wa pili karibu na nyonga. Bizimu zake zinakaa mwanzoni mwa marinda, kulia. Mkanda wa tatu uko mwisho wa aproni ya chini, kiunoni, na unatoka nje ubavu wa kushoto kupitia tundu. Tundu likate wima, sm 3, ndani ya rinda la kina, na ulisokote kama tundu la kifungo cha koti. Kabla ya kukata weka kipande cha kitambaa kigumu nyuma yake, maana hapo ndipo panapochanika kwanza. Bizimu ya tatu inakaa kushoto, nje.

Toboa matundu manne kila mkanda, sm 2 kati ya moja na jingine, na pima ili tundu la pili kutoka ndani ndilo la kiuno cha leo. Ngozi isishonwe kwenye sufu peke yake. Mshono upite hadi kwenye kitambaa kigumu cha ndani. Toboa kwa msharasi kwanza, uzi wa nailoni, sindano butu. Cherehani ya nguo itavunja sindano.

Mkanda wa chini wa kulia usikazwe. Kazi yake ni kushika aproni isifunguke. Ukiukaza unavuta marinda ya kulia yanaachama.

Mshoni_Shangani

Nimepiga bandi marinda sita ya kwanza kujaribu. Mambo mawili hayako sawa. Nyongani sita yanasoma sm 16.4 badala ya 15.6. Na chini ya mshono yanaachana, kama kipepeo cha mkono kilichofunguliwa.

MamaBitana_Lindi

La kwanza: umezidi milimita 8 kwa marinda sita. Ukiendelea hivyo, marinda 20 yatazidi sm 2.7. Kila rinda limezidi zaidi kidogo ya milimita moja, na makosa yanayofanana hivyo yanatoka kwenye kipimo, si kwenye mkono. Au umetumia chaki, au unahesabu uzi wa mpaka mara mbili, kwenye rinda hili na kwenye linalofuata. Uzi wa mpaka uwe wa rinda moja tu.

La pili: weka rula kwenye ncha ya rinda kuanzia nyongani hadi chini. Ncha lazima ifuate uzi mmoja wa kitambaa, ule ule, hadi kwenye ukingo. Nadhani umeendeleza ule upanuzi wa mshono hata chini ya nyonga, ukakunja kwa mshazari. Chini ya nyonga hakuna kupanua tena. Uso ni sm 2.6 juu na 2.6 pindoni. Kama ncha zimenyooka na bado yanaachana, basi nyonga imebana: mkunjo unatafuta nafasi yake chini. Kwa kuwa yako yamezidi, hayajabana, basi ni ule mkunjo wa mshazari. Fumua sita hayo, usiyarekebishe juu kwa juu.

Mshoni_Shangani

Ni kweli, nilikuwa nahesabu uzi wa mpaka mara mbili. Na mkunjo wa chini ulikuwa mshazari, nyuzi nne hivi zimetoka. Nimeanza upya, marinda sita sasa ni 15.6.

Mteja anauliza pia kama anaruhusiwa kuvaa tartani hii wakati hana ukoo wa Kiskoti, na ile pini kubwa ya mbele inawekwa wapi.

KitambaaKwanza

Hakuna sheria inayomkataza. Uskoti wana rejista rasmi ya tartani tangu 2009, inasomeka mtandaoni. Akitaka kujua yake ina jina gani alinganishe mpangilio wa mistari, si rangi peke yake, maana mpangilio mmoja hutoka kwenye rangi zilizokolea na zilizopauka. Kama familia ya wakwe ina tartani yao, awaulize, ni adabu.

Pini inakaa aproni ya juu pekee, kona ya chini kulia, sm 10 kutoka chini na sm 5 kutoka kwenye matamvua. Isipite hadi aproni ya chini: akipiga hatua ndefu kitambaa kitachanika.

FundiSuti_Masasi

La mwisho kutoka kwangu ni pasi, kwa sababu nyinyi wa pwani hewa yenu ina unyevu na marinda yanalegea upesi. Baada ya kushona yote, kabla ya pasi, piga bandi chini: mistari mitatu ya mlalo ya uzi mweupe, mmoja sm 2 kutoka pindoni, mwingine katikati, mwingine chini kidogo ya nyonga, kila rinda limeshikwa kwa ncha yake. Piga pasi upande wa ndani kwanza, halafu nje, kwa kitambaa chenye unyevu, ukikandamiza sekunde kumi na kuinua. Acha ipoe pale pale mezani; ukiinyanyua ikiwa moto mkunjo hautashika. Itundike kwa vibanio kwenye mkanda wa kiuno, isikunjwe. Kama harusi bado, weka majani makavu ya mwarobaini au kafuri ndani ya mfuko wa kitambaa pembeni yake; nondo wanaipenda sufu, na mfuko wa plastiki utaleta ukungu.

Zile bandi usizitoe mpaka asubuhi ya harusi. Zikate kila baada ya sm 10 na uvute vipande vifupi, uzi mrefu ukiuvuta mzima utaacha mashimo.